Stopa za nyuma za Hilux Vigo: ngumu, za povu, au raba yenye uwazi ndani?

mwana_koboko

Assalaam aleykum ndugu zangu.

Naomba ushauri wa watu wanaobeba mzigo kwenye barabara za maramu. Nina Hilux Vigo ya kabini mbili, dizeli ya 2.5 D-4D, springi za nyuma ni zilezile ilizokuja nazo. Napakia Arua, nashusha Koboko na Yumbe, na mara nyingine nafika Moyo nikavuka kwa feri pale Laropi kwenda Adjumani. Mzigo ni saruji, soda, samaki wakavu, na simsim wakati wa mavuno.

Stopa za nyuma zimekwisha. Nasema zile raba zilizofungwa chini ya chesisi, juu ya ekseli, zinazoipokea ekseli springi ikishuka mpaka mwisho. Ya kushoto raba yote imeng'oka, limebaki bati lake. Ya kulia imepasuka katikati, kidole kinaingia kwenye ufa. Nikikanyaga ukingo wa kalavati nikiwa nimepakia, chuma kinagonga chuma na waliokaa kiti cha nyuma wanarushwa. Mama yangu hukaa kiti hicho ninapompeleka hospitali Arua. Mgongo wake si mzima. Kila gari likigonga anashika mlango na kunyamaza, na mimi naumia pamoja naye.

Kwa hiyo sitaki kurudisha tu raba kama ile ya kiwandani, nataka kitu bora. Hapa kila mtu ana lake. Duka moja lina stopa nyekundu za poliyurethani, ngumu, ukucha hauingii. Shemeji yangu aliye Kampala anasema niagize Timbren, zile raba kubwa zenye uwazi ndani. Dereva mwenzangu anataka nifunge mifuko ya upepo, ile ya raba inayojazwa hewa kusaidia springi kubeba. Fundi wangu wa jirani anasema atachomelea bati refu zaidi ili stopa ifikiwe mapema.

Nichague ipi, na ya urefu gani? Na je, stopa nzuri itaniwezesha kupakia mifuko ishirini ya saruji bila kugonga?

lori_la_lira

Ndugu, usijisumbue na vitu vya kuagiza. Kata vipande vya tairi kuukuu la lori, panga vitatu au vinne, toboa, pitisha bolti moja ndefu katikati. Huku Lira magari yanatembea hivyo na kazi inaenda. Raba ni raba.

fundi_springi_ndeeba

Wa aleykum salaam mwana Koboko, na mpe mama pole zangu.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuvunjia gari. Hapana. Mifuko ishirini ni kilo 1,000, na bado hujajihesabu wewe, mama, tingo na jerikeni za maji. Uzito ambao Vigo ya kabini mbili imeruhusiwa kubeba ni karibu tani moja, watu wakiwemo, na nyingine ni chini ya hapo. Soma bati la uzito la gari lako mwenyewe. Stopa, iwe ya bei gani, haiongezi hata kilo moja juu ya kile kilichoandikwa pale.

Ingia chini ya gari uone sababu. Springi inashika chesisi kwa ncha mbili, hanga ya mbele (kishikio kisichosogea) na sheko ya nyuma (kiungo kinachobembea), kwa hiyo uzito unaingia kwenye chesisi sehemu mbili zilizo mbali. Ekseli ikishaegemea stopa, uzito unaozidi wa upande ule unaingia kwa nukta moja, katikati ya hizo mbili. Mbele ya nukta hiyo kuna kabini na injini. Nyuma yake kuna bodi yenye saruji iliyosukumwa hadi mlango wa nyuma, na bodi ya kabini mbili sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli. Chesisi inakuwa wenzo. Nimepokea hapa gereji pikapu zilizopinda kidogo tu nyuma ya kabini: unasimama pembeni unaona uwazi kati ya kabini na bodi umepanuka juu na kubana chini. Ukiuliza, gari lilikuwa na mifuko ya upepo iliyojazwa kupita kiasi, au stopa ndefu ambazo ekseli ilikuwa imezikalia muda wote. Australia nako, ambako watu hufunga mifuko hiyo kisha wakavuta trela nzito, kupinda kwa namna hii ni jambo linalojulikana sana. Kunyoosha chesisi ni kazi kubwa na gari halirudi kuwa lilelile. Naomba sana usifike huko.

Stopa kazi yake ni kupokea pigo kwa muda mfupi na kuachia. Ukilielewa hili, uchaguzi unakuwa mwepesi, kwa sababu unachonunua ni umbali wa kusimamia. Pigo lilelile la ekseli, ukilisimamisha ndani ya sentimita moja, chesisi inapokea kwa wastani nguvu mara nne ya ile ambayo ingepokea kama lingesimama ndani ya sentimita nne. Mgongo wa mama nao unapokea hivyohivyo.

Sasa ndugu yangu wa Lira, kwa heshima, raba si raba. Raba ikiminywa haipungui ujazo, inatafuta pa kutokea pembeni. Kipande kilichojaa, kilichobanwa kati ya mabati mawili, kinatoka kidogo tu pembeni kisha kinakuwa ukuta. Tairi la lori ndiyo zaidi, lina nyuzi za chuma ndani zinazozuia hata huko kutanuka, na ile bolti ndefu katikati siku vipande vikilika itakuwa ndiyo inayogonga ekseli. Ukiwa umekwama Kitgum usiku na stopa imeng'oka, sawa, kata tairi ufike nyumbani. Lakini usiite hiyo matengenezo.

Stopa nyekundu za dukani zina kasoro hiyohiyo. Poliyurethani nzima, isiyo na povu, hudumu, haiogopi mafuta, inapendeza machoni. Ila karibu haiminyiki. Utasikia mlio umebadilika kutoka chuma kwa chuma na kuwa mzito zaidi, utadhani umepona, huku bati la chesisi linapokea pigo karibu lote. Nyufa huanzia kwenye machomeleo ya bati hilo. Naiweka stopa ya namna hii kwenye gari lisilobeba mzigo ambalo mwenyewe hataki kubadilisha raba mara kwa mara, basi.

Zinazobaki za kuzungumzia ni mbili. Ya kwanza ni poliyurethani ya povu, yenye vijishimo vidogo vya hewa kila mahali ndani yake. SumoSprings wa Marekani hutumia aina hiyo, na stopa nyingi za kiwandani zinazokaa kwenye fimbo ya shokapu za magari madogo ni za povu hilo. Ikiminywa, hewa iliyomo ndiyo inayobanwa, kwa hiyo inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya urefu wake bila kutanuka sana pembeni. Inaanza laini, inazidi kukaza taratibu. Kwa abiria ndiyo nzuri kuliko zote. Adui yake ni unyevu wa miaka mingi na matope yanayokaa yamegandamana. Povu la zamani utalikuta linabomoka mkononi kama mkate mkavu.

Ya pili ndiyo hiyo ya shemeji yako. Timbren ni kampuni ya Kanada, na raba yao ni ya asili, imeumbwa ikiwa na uwazi ndani na viuno nje. Kwa kuwa ina uwazi, raba ina pa kwenda: inajikunja kwanza, halafu inajaza uwazi, halafu ndipo inakaza. Ni ngumu kidogo kuliko povu inapoanza kuguswa, lakini inavumilia mapigo ya kurudiarudia, vumbi na mawe. Raba ya asili haipendi dizeli na oili, inavimba na kulainika, kwa hiyo kama sili ya ekseli yako inavuja, itengeneze kwanza.

Zipo pia stopa za oili na gesi ya naitrojeni za Fox na King. Ni za magari ya mashindano, zinataka kuchomelewa na kufanyiwa sevisi. Mfanyabiashara wa saruji aziache.

Kwa njia zako na mzigo wako mimi ningekupa raba yenye uwazi. Lakini sikupi urefu bado, kwa sababu urefu unapimwa kwenye gari. Fanya hivi, kwenye sakafu iliyo sawa, magurudumu yakiwa chini, usinyanyue na jeki: pima kutoka bati la stopa kwenye chesisi mpaka pale ekseli inapoguswa, pande zote mbili, gari tupu. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, weka watu wako, pima tena. Halafu pima shokapu kutoka tundu la juu hadi tundu la chini gari likiwa na mzigo, ifungue, isukume mpaka imefunga kabisa, pima tena. Tofauti ndiyo nafasi iliyobaki kabla shokapu haijagonga tako lake.

Hesabu yake ni hii. Tuseme shokapu imebakiza sentimita 9 ukiwa na mzigo. Stopa ina sentimita 8, na kati ya ncha yake na ekseli pana sentimita 3. Ikiwa stopa inaminyika nusu, ekseli itasafiri 3 na 4, yaani 7, na shokapu iko salama. Ukiweka povu linaloshuka zaidi ya nusu unakaribia 9, basi utafute refu kidogo au gumu kidogo. Shokapu ikifika mwisho kabla ya stopa, yenyewe ndiyo inakuwa stopa, na inakufa mapema.

Huyo fundi wa bati refu mwambie asubiri. Stopa ikiwa karibu mno, ekseli inaikalia hata barabara ikiwa nzuri, springi haifanyi kazi, na kwenye matuta ya lami ya Pakwach gari litakurusha vilevile.

Halafu nitazamie springi zenyewe. Gari tupu, vyuma vinatakiwa viwe na upinde. Vikiwa vimenyooka tupu, au vimepindukia upande wa pili ukipakia, tatizo lako halikuwa stopa hata siku moja.

mama_kahawa_bwera

Fundi umesema kweli, nami niongeze la mifuko ya upepo kwa sababu nimeilipia kwa fedha zangu. Nina D-Max inayoshusha kahawa kutoka milimani Rwenzori hadi Bwera. Njia za huko ni mawe na matope mekundu, na mteremko wenyewe mnaujua. Nilifunga mifuko ya upepo, wiki za mwanzo gari lilisimama vizuri, nikafurahi. Kisha jiwe likakwama kati ya mfuko na springi, likautoboa. Na kwa kuwa stopa za asili ziliondolewa ili mifuko ikae mahali pake, hapakuwa na kitu chochote cha kupokea ekseli. Dereva wangu alishuka mlima mzima chuma kwa chuma, upande mmoja umelala, kahawa ya watu juu. Alipofika alikuwa anatetemeka.

Kijana, kama huna mahali karibu pa kupima na kujaza upepo, na kama njia yako ina mawe, achana nayo. Wanaotembea lami tupu wanaweza kuwa na maneno mengine. Sasa hivi natumia raba yenye uwazi, na kijana wangu ana amri ya kuosha pale kila akitoka mlimani.

mwana_koboko

Shukrani mzee, na shukrani mama Bwera. Leo nimepima, tumeifanya na mdogo wangu kwenye sakafu ya duka la saruji.

Kutoka bati hadi ekseli, gari tupu: kulia sentimita 17, kushoto 16. Na mifuko 14 na watu watatu: kulia 10, kushoto 9. Shokapu zikiwa na mzigo zimebakiza sentimita 7, ingawa ya kushoto nilipoisukuma ilienda bila kunikataa, na ina oili nje.

Springi zikiwa tupu, kipande cha juu kimenyooka kabisa. Ukipakia kinapinda kwenda chini pande zote mbili. Yuko mtu anayeweza kuzipasha moto kwa makaa na kuzigonga zirudi kwenye upinde. Nikifanya hivyo na kuweka raba ya sentimita 8 kama ulivyosema, si nitakuwa nimemaliza?

fundi_springi_ndeeba

Umepima vizuri, na namba zako zimesema zenyewe. Ukiweka stopa ya sentimita 8 leo, kushoto utabaki na sentimita moja ukiwa na mzigo. Ekseli itakuwa imekalia stopa kutoka Arua hadi Yumbe. Ile mfano niliyotoa ya 8 ilikuwa ya kuonyesha hesabu tu, usiinunue kwa sababu niliitaja.

Gari lako linataka springi. Na usizipashe moto. Chuma cha springi kimepata nguvu yake kiwandani, kwa kuchomwa hadi kiwango maalumu, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kipimo. Ukikiweka kwenye makaa kikawa chekundu halafu ukakigonga, kinapata upinde na kinapoteza nguvu. Kitapendeza ukiwa tupu, na baada ya muda mfupi wa kupakia kitalala tena, au kitavunjika kwenye tundu la bolti ya katikati. Kama huna uwezo wa seti mpya, tafuta seti iliyotumika yenye upinde mzuri, ukague kila kipande kwa kukifungua, maana ufa hujificha pale vyuma vinapogusana. Soko la vipuri la Kisekka, Kampala, utazipata, lakini nenda na futi yako na kipande chako cha zamani ulinganishe urefu, upana na unene kabla ya kulipa. Ukibadilisha, weka bushi mpya (raba za kwenye matundu ya springi) na yubolti mpya (zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), zile za zamani zimeshavutika.

Usishawishike kuongeza vipande viwili vitatu vinene ili gari likae juu. Tupu litakuwa gumu, na mama atateseka zaidi siku usiyo na mzigo. Pia angalia kama gari lako lina ile vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Vali hiyo hupima nyuma imeshuka kiasi gani ndipo iamue breki ya nyuma ipewe nguvu kiasi gani. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinakuwa hafifu ukiwa umebeba saruji.

Shokapu ya kushoto imekufa. Badilisha zote mbili. Shokapu nzima inapunguza mwendo wa ekseli kabla haijafika kwenye stopa, na hilo mama atalihisi kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya springi na shokapu, pima upya kwa namna ileile. Ukipata, tuseme, sentimita 12 au 13 ukiwa na mzigo, raba yenye uwazi ya sentimita 8 au 9 itakuachia kama 4 za kupumua, na hapo nitakuwa na amani. Upande mmoja ukibaki chini kuliko mwingine, usitafute stopa mbili za urefu tofauti. Tafuta kwa nini: kipande kilichovunjika, bushi iliyokwisha, au mzigo unaopangwa kila mara upande uleule.

lori_la_lira

Mzee nimekusikia kuhusu tairi. Je, nitajuaje kama stopa inaguswa mara kwa mara au ni siku moja moja? Siwezi kukaa chini ya gari likitembea.

fundi_springi_ndeeba

Paka grisi kidogo kwenye ncha ya stopa na ufute ekseli iwe safi. Tembea safari yako ya kawaida, kisha chungulia. Alama ndogo ya ncha tu maana yake imeguswa kidogo. Duara pana lililotapakaa maana yake stopa imeminywa sana. Halafu futa, fanya tena kwenye barabara nzuri ya lami na mzigo uleule. Ukikuta grisi kwenye ekseli hata hapo, umezidisha mzigo au springi zimechoka.

mwana_koboko

Nimeelewa. Shemeji ataingia Kisekka Jumamosi na kipande changu cha springi, nakituma kwa basi la usiku. Stopa nitaagiza baada ya kupima tena. Hadi wakati huo napakia mifuko minane, na mama anakaa mbele. Swali la mwisho mzee: stopa mpya zikija, zichomelewe au zifungwe kwa bolti?

fundi_springi_ndeeba

Bolti, kwenye matundu yaleyale ya kiwandani. Usiruhusu mtu achomelee chesisi karibu na pale, na usimruhusu atoboe tundu jipya kwenye ukingo wa juu au wa chini wa chesisi. Bati la chini likwangue kutu mpaka chuma kionekane, lipake rangi, lisubiri likauke. Tumia nati zenye pete ya plastiki ndani ili mtikisiko usizilegeze, na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo zirudie kwa spana, pamoja na yubolti.

Kabla hujalitoa gari gereji, mwambie fundi anyanyue ekseli upande mmoja kwa jeki mpaka stopa iguse, wewe ukague kwa mkono: hosi ya breki isibanwe, bomba la ekzosi lisiguse, tairi lisikwaruze madigadi. Kisha upande wa pili.